Maji Yasiyotakaswa kwa Moto: Habari za Mto wa Grassy Narrows

Sisi tufundishao shuleni tumezoea kuwaambia watu maneno yale yale juu ya maji: yatekwe penye chemchemi, yachujwe kwa kitambaa, yachemshwe hata yatokote, kisha yafunikwe. Maneno haya ni kweli, na watoto wengi wameepushwa na kipindupindu na homa ya matumbo kwa kuwa mama zao waliyashika. Lakini liko jambo moja ambalo katika somo hilo hatulitaji mara nyingi, nalo ni kwamba moto huua vijidudu vyenye uhai tu. Iko sumu isiyo na uhai, na kitu kisicho na uhai hakiuawi. Ukiyachemsha maji yake mchana kutwa, maji yatapungua, na sumu itabaki chunguni. Tena sumu hiyo yaweza kukaa katika mto mweupe kama kioo, usio na harufu wala ladha, mto ambao msafiri mwenye kiu akiuona atashukuru.

Twataka kueleza habari za mto mmoja wa namna hiyo. Si mto wa kwetu. Uko mbali sana, upande wa kaskazini wa Amerika, katika nchi ya Kanada. Tumeuchagua kwa sababu habari zake zimeandikwa kwa muda wa zaidi ya miaka 50. Wataalamu wameupima, wakubwa wameuamulia mambo, na mtu aweza kufuata tangu mwanzo jinsi watu walivyougua na jinsi walivyopata taabu kusadikiwa.

Kanada ni nchi kubwa mno, na Ontario ni mojawapo ya majimbo yake. Upande wa kaskazini-magharibi wa jimbo hilo nchi yote ni mawe, misitu ya misonobari, na maziwa yasiyohesabika, nayo yameunganishwa na mito kama shanga katika uzi. Wakati wa baridi maji ya maziwa huwa magumu kama sakafu, hata magari hupita juu yake. Huko, yapata maili 50 kaskazini ya mji uitwao Kenora, wanakaa watu wa kabila la Ojibwe, ambao wenyewe hujiita Anishinaabe. Wazungu wa kwanza waliwaita Wahindi, kwa kuwa mabaharia wa zamani walidhani wamefika Bara Hindi, na kosa hilo likadumu miaka mamia. Kijiji chao kinajulikana kwa jina la Kiingereza, Grassy Narrows. Kwa lugha yao wenyewe ni Asubpeeschoseewagong.

Mwaka 1873 wazee wa makabila ya sehemu zile walifanya mkataba na serikali ya Malkia wa Uingereza, uitwao Mkataba wa Tatu. Waliitoa nchi, na katika mambo waliyoahidiwa lilikuwamo hili, kwamba wataendelea kuwinda na kuvua kama desturi yao. Ahadi hii haikuwa jambo dogo. Nchi ile hailimiki kama ya kwetu. Mto ndio shamba lao na ghala yao. Walikula samaki, hasa mmoja mwenye macho yang'aayo aitwaye walleye. Walivuna nafaka iotayo majini, mfano wa mpunga wa porini. Walitega wanyama wenye manyoya na kuuza ngozi zao. Baadaye, wageni wenye fedha walipoanza kuja kutoka Marekani kuvua kwa kujifurahisha, wanaume wa Grassy Narrows wakapata kazi ya kuwaongoza, na wanawake kazi katika nyumba za wageni. Desturi ya kazi ile ilikuwa njema: saa sita mchana kiongozi alitia mtumbwi ufukoni, akawasha moto, akawakaangia wageni samaki wale wale waliovuliwa asubuhi, wakala pamoja. Msomaji alishike jambo hili moyoni. Mgeni alikula siku tano au sita, akarudi kwao. Kiongozi alikula siku zote za kiangazi, na jioni akachukua samaki wengine kwa ajili ya watoto wake.

Hata kabla ya sumu, watu hawa walikuwa wamepatwa na mambo mazito. Watoto wao walipelekwa mbali katika shule za bweni zilizowekwa na serikali na kuendeshwa na makanisa, na huko wengi waliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama zao. Sisi wa kanisa hatuwezi kulipita jambo hili kwa kunyamaza, kwa maana waliolitenda walivaa jina tulivaalo sisi. Serikali ya Kanada iliomba radhi kwa ajili ya shule hizo mwaka 2008. Tena, mwaka 1963, maofisa wa serikali waliwahamisha watu wa Grassy Narrows kutoka mji wao wa kale, uliokuwa umetawanyika visiwani na kando ya mto, wakawaweka mahali papya karibu na barabara, wakiambiwa kwamba huko watapata shule na umeme. Katika mji wa kale kila ukoo ulikaa peke yake na nafasi yake. Katika mji mpya nyumba zilisongamana. Wazee walisema hapo pasingefaa. Lakini walikuwa bado wana mto, na kazi yao ilikuwa mtoni.

Sasa twende juu ya mto, zaidi ya maili 60 upande wa machweo kuelekea macheo, mpaka mji wa Dryden. Hapo pana kiwanda cha karatasi. Karatasi hutengenezwa kwa miti iliyosagwa na kupikwa hata ikawa kama uji, na uji huo si mweupe, ni wa rangi ya udongo. Ili uwe mweupe hutiwa dawa kali ya klorini. Dawa hiyo yaweza kupatikana kwa kupitisha nguvu ya umeme katika maji ya chumvi, na katika njia moja ya kufanya kazi hiyo hutumika zebaki, ile madini nyeupe itiririkayo kama maji. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Geita wanaijua vema, kwa maana huichanganya na mchanga ili ikamate dhahabu, kisha huichoma. Wengi huishika kwa mikono mitupu, nasi twasikitika kuona hivyo.

Kiwanda cha dawa cha Dryden kilikuwa mali ya kampuni ya Kiingereza iitwayo Reed, na kilianza kutumia zebaki mwaka 1962. Kuanzia mwaka huo mpaka 1970 zaidi ya kilo 9,000 za zebaki zilimwagwa katika mto uitwao Wabigoon. Mto huu hushuka, huingia katika mto mkubwa zaidi, na maji yake hupita Grassy Narrows, kisha hupita kijiji kingine cha kabila lile lile, kiitwacho Wabaseemoong. Hakuna aliyekwenda kuwaambia.

Ili tufahamu kilichofuata imetupasa kwanza kuvuka bahari kuu mpaka Japani, kwa sababu ugonjwa huu ulijulikana huko, na una jina la huko. Katika mji wa Minamata, ulio kando ya ghuba nzuri yenye samaki wengi, kiwanda cha kampuni iitwayo Chisso kilikuwa kikimwaga taka zenye zebaki baharini. Baada ya vita kuu ya pili wavuvi waliona mambo ya ajabu: paka walipepesuka, walizunguka kama wanaocheza ngoma, wakatumbukia baharini wakafa. Kisha wakaugua watoto. Tarehe 1 Mei 1956 daktari wa hospitali ya kiwanda kile kile, Hosokawa Hajime, alipeleka habari kwa wakuu wa afya kwamba umetokea ugonjwa usiojulikana, uharibuo ubongo. Mwaka 1959 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walitangaza kuwa chanzo chake ni zebaki. Mwaka huo huo daktari Hosokawa alimlisha paka chakula kilichotiwa maji ya taka za kiwanda. Paka akaugua ugonjwa ule ule. Wenye kampuni wakaificha habari hiyo, na taka zikaendelea kumwagwa mpaka 1968.

Na ahesabu msomaji. Dryden walianza mwaka 1962. Ulikuwa umepita mwaka wa sita tangu ugonjwa wa Minamata utangazwe, na wa tatu tangu chanzo chake kitajwe. Hatusemi kwamba kila mfanyakazi wa Dryden alikuwa na habari hizi. Lakini habari zilikuwako duniani, nazo ziliandikwa kwenye karatasi nyeupe kama ile waliyoitengeneza.

Huenda mtu akauliza: zebaki ni nzito, kwa nini isizame ikalala matopeni? Huzama kweli. Lakini katika matope ya chini ya mto wamo viumbe wadogo kabisa, wasioonekana kwa macho, nao huigeuza zebaki ikawa zebaki ya namna nyingine, iitwayo methili-zebaki. Hii huingia mwilini kwa wepesi na hutoka kwa shida. Kidudu cha maji hupata chembe chache. Samaki mdogo hula vidudu vingi, akajilimbikizia chembe za vyote. Samaki mkubwa hula samaki wadogo mwaka hata mwaka, na mzigo wake huzidi kuwa mzito. Hivyo maji yenyewe yakipimwa huenda yakaonekana kuwa na sumu kidogo mno, na samaki wa maji hayo hayo akawa na sumu maelfu ya mara kuliko maji. Na juu ya samaki mkubwa ni nani? Ni mwanadamu. Kumpika samaki hakusaidii neno, kwa sababu sumu imo ndani ya nyama yake, wala haitoki kwa moto.

Mwilini sumu hii hushika ubongo na mishipa ya fahamu. Mtu huanza kwa kufa ganzi vidoleni na midomoni. Kisha macho yake hayaoni pembeni, huona mbele tu kama achunguliaye katika mwanzi. Mikono hutetemeka, miguu hukosea njia, maneno huwa mazito kinywani. Mbaya zaidi ni kwamba sumu hupita kwa mama mpaka kwa mtoto aliye tumboni, na mama mwenyewe huenda asione dalili kubwa, ila mtoto akazaliwa na ubongo ulioharibika. Huko Minamata walizaliwa watoto wengi wa namna hii.

Aliyefumbua jambo hili Kanada hakuwa mkubwa wa serikali, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mtu wa Norwei, jina lake Norvald Fimreite. Kama mwaka 1969 na 1970 alipima samaki wa mito na maziwa ya Kanada, akaona wana zebaki kupita kiasi. Kipimo kilichoruhusiwa kilikuwa nusu ya miligramu katika kilo ya samaki. Samaki wa mto Wabigoon walikipita mara nyingi sana. Hapo serikali ya Ontario ikaamuru kiwanda kikome kumwaga zebaki mtoni. Kikakoma kumwaga, ila hakikuacha kuitumia mpaka 1975, na katika miaka hiyo mitano nyingine iliendelea kutoka hewani.

Mwaka 1970, basi, kazi ya kuvua samaki wa kuuza ikakatazwa. Nyumba kubwa ya wageni ambako wengi wa Grassy Narrows walikuwa wakifanya kazi ikafungwa. Katika muda mfupi watu waliokuwa wakijilisha kwa jasho lao wakawa watu wa kungojea msaada wa serikali. Wakati ule ule, kwa kuwa jimbo halikutaka kupoteza fedha za watalii, vikawekwa vibao vya kuwaambia wageni waendelee kuvua kwa furaha yao, ila wasile. Fikirini, wasomaji, hali ya kiongozi wa wavuvi. Alimpeleka mgeni ziwani, akamwona anavua na kucheka, na saa sita ilipofika hakujua kama awashe moto au asiwashe. Wengi waliwasha. Samaki walikuwa wazuri kwa macho, watamu kwa ulimi, na chakula cha dukani kilikuwa ghali.

Watu wakaanza kulalamika ganzi na kutetemeka. Serikali ikatuma wapimaji, wakachukua damu na nywele zao, maana zebaki hukaa katika unywele, na mtaalamu akiukata vipande aweza kujua mwenyewe alikula sumu kiasi gani mwezi upi. Vipimo vilionyesha zebaki wazi. Lakini kutoka kwenye kipimo mpaka kwenye neno “huyu ni mgonjwa” palikuwa na safari ndefu. Maofisa na matabibu walisema huenda kutetemeka ni kwa sababu ya pombe, huenda ni kisukari, huenda ni uzee. Naam, pombe ilikuwako. Kijiji kilichonyang'anywa watoto, makazi na kazi katika umri wa mtu mmoja hakikosi pombe. Ila twaona ubaya wa hoja hiyo: mlevi na mgonjwa wa zebaki hupepesuka sawasawa, na mtu asiyekunywa kabisa akawa hana namna ya kujitetea, kwa kuwa amekwisha kuhukumiwa kwa kabila lake.

Waliowasadiki kwanza walitoka mbali. Mwaka 1975 wajumbe wa Grassy Narrows na Wabaseemoong walisafiri mpaka Minamata, wakawaona wagonjwa wa huko, wakaona mikono yao. Mwaka huo huo daktari Harada Masazumi wa Kumamoto, aliyekuwa amewatibu watu wa Minamata miaka mingi, alifika Grassy Narrows akawapima watu. Aliona dalili alizozijua. Hata paka mmoja wa sehemu zile alichunguzwa ubongo na wataalamu wa Kijapani, nao wakauona umeharibika kwa namna ya paka wa Minamata. Harada alirudi Kanada mara nyingine baada ya mwaka 2000, akiwa mzee, akiwatafuta aliowapima zamani. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2012. Twamheshimu mtu huyu, kwa kuwa hakuridhika kuandika kitabu na kuondoka.

Katika mwaka 1985 wakapatana kwa fedha. Serikali ya Kanada, serikali ya Ontario na makampuni mawili walitoa dola milioni 16.67 kwa vijiji viwili, na mwaka 1986 likawekwa baraza la kuwapima watu na kuwapa malipo ya kila mwezi, kati ya dola 250 na 800. Sheria ya baraza hilo ina lugha ya kupimwa kwa mizani. Haisemi kwamba mtu ameugua kwa zebaki; yasema kwamba ana dalili zinazoweza kulingana na ugonjwa wa zebaki. Mwenye kulipa amelipa bila kukiri. Tena wengi waliokwenda kuomba walirudishwa mikono mitupu, na malipo hayakuongezwa kadiri bei za vitu zilivyopanda, mpaka mwaka 2018. Hesabu ya fedha iliyomtosha mtu mwaka 1986 itamnunulia nini baada ya miaka 30?

Lakini kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yetu, halikuwa la fedha. Lilikuwa ni wazo kwamba mto, ukikomeshwa kutiwa sumu, utajisafisha wenyewe. Wazo hili lina sura ya hekima. Mvua hunyesha, maji hupita, matope mapya hufunika ya zamani. Kwa nini isiwe hivyo? Katika miaka ya 1980 wataalamu waliowekwa na serikali waliandika kwamba mto waweza kusafishwa kwa kazi ya mikono ya watu, nao wakaonyesha njia. Shauri lao halikufuatwa. Mto ukaachwa. Mwanzoni samaki walipungukiwa sumu, wakubwa wakafurahi; kisha kupungua kukawa kidogo kidogo, na katika maziwa mengine kukasimama. Zebaki iliyolala matopeni haiozi. Haina mwisho wa siku zake kama mzoga au jani. Viumbe wadogo wa chini huigeuza leo kama walivyoigeuza mwaka 1965.

Watu wa Grassy Narrows hawakukaa kimya miaka hiyo. Desemba 2002 vijana na kina mama waliketi katika barabara ya msituni kuzuia malori ya kukata miti, kwa maana udongo wa msitu uliokatwa huoshwa na mvua mpaka mtoni pamoja na zebaki nyingine. Kizuizi hicho kikadumu miaka mingi. Mwaka 2014 Steve Fobister, aliyekuwa zamani mkuu wa kijiji, naye mgonjwa hata kumeza chakula kwamsumbua, alikwenda mpaka makao ya serikali ya jimbo katika mji wa Toronto, akakataa kula ili asikilizwe. Alifariki mwaka 2018. Na mwezi wa Machi 2019, katika karamu ya chama chake huko Toronto, Waziri Mkuu Justin Trudeau aliinukiwa na mwanamke mmoja akitaja watu wa Grassy Narrows wenye sumu; walipokuwa wakimtoa nje, Waziri Mkuu alimshukuru kwa mchango wake wa fedha, na watu wakacheka. Kesho yake aliomba radhi. Tumetaja jambo hili dogo kwa sababu kijijini halikuhesabiwa kuwa dogo.

Mwaka 2016 alitokea mzee mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda, akasema kwamba mwaka 1972 yeye na wenzake walizika mapipa ya chumvi na zebaki nyuma ya kiwanda. Watu wakauliza tena kama sumu inayotoka ni ya zamani tu. Mwaka uliofuata serikali ya Ontario iliahidi dola milioni 85 za kuusafisha mto. Mwaka 2020 serikali ya Kanada iliafikiana na kijiji juu ya fedha za kujenga nyumba ya kuwauguza wagonjwa wa zebaki, ili wasipelekwe mbali na jamaa zao, na mwaka 2021 ikaongeza. Makampuni yaliyokuwa na kiwanda kwa zamu yalikuwa yakishtakiana nani atunze shimo la taka, mpaka shauri likaamuliwa na Mahakama ya juu kabisa ya Kanada mwaka 2019.

Wataalamu nao walirudia vipimo vya zamani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020, uliotumia vipimo vya nywele vilivyochukuliwa na serikali tangu 1970, ulionyesha kwamba waliokufa kabla ya kutimiza miaka 60 walikuwa na zebaki nyingi kuliko wenzao. Ndiyo kusema karatasi za serikali yenyewe zilikuwa na jibu ndani yake muda wote. Mwingine, wa mwaka 2023, ulifuata sumu katika vizazi vitatu: ukaanza na mababu waliokuwa viongozi wa wavuvi, ukaja kwa binti zao waliokula samaki wale wakiwa wadogo, ukaishia kwa watoto wa binti hao, ambao hawakuwa wamezaliwa kiwanda kilipokoma, na ambao baadhi yao waliwahi kujaribu kujiua. Tulipofika hapo katika kusoma tuliukumbuka ule moto wa saa sita ufukoni.

Hatukusema neno juu ya maji ya bomba, nayo yana historia yake. Katika Kanada vijiji vingi vya wenyeji vimekaa miaka bila maji ya kunywa yaliyo salama. Neskantaga, kijiji kingine cha kaskazini ya Ontario, kiliambiwa Februari 1995 kichemshe maji, na miaka 25 baadaye kilikuwa bado kinachemsha. Mwezi wa Oktoba 2020 watu wake walihamishwa kwa ndege mpaka mji wa Thunder Bay kwa sababu ya hitilafu ya maji. Ahadi ya serikali kwamba maonyo yote ya siku nyingi yataondolewa kabla ya mwisho wa Machi 2021 haikutimia. Grassy Narrows wenyewe walitangaza hali ya hatari mwaka 2015 kwa sababu maji ya bomba hayakufaa kunywewa, na mtambo wao ulipotengenezwa, onyo likaondolewa mwaka 2020. Kwa hiyo mama wa kijiji hicho aliweza tena kukinga kikombe bombani akampa mtoto. Mashaka ya vijidudu yalipata dawa, ingawa kwa kuchelewa. Mashaka ya samaki yalikaa palepale.

Mwaka 2013 mataifa yalikutana Japani, karibu na Minamata, wakaweka saini mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki, nao wakauita kwa jina la mji huo. Tanzania iliuthibitisha mwaka 2020, na Kenya mwaka 2023. Huko kwetu neno lake kubwa ni dhahabu, si karatasi.

Mwezi wa Mei 2024 wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha Ontario walitoa taarifa mpya juu ya mto Wabigoon. Waliona kwamba maji machafu ambayo kiwanda cha karatasi kiliendelea kuyatoa, ingawa hayakuwa na zebaki, yalikuwa na salfeti, na salfeti hiyo huwapa nguvu wale viumbe wadogo wa matopeni kuigeuza zebaki ya zamani kuwa methili-zebaki kwa wingi zaidi. Mwezi uliofuata, Juni 2024, watu wa Grassy Narrows walipeleka mashtaka mahakamani juu ya serikali ya Kanada na serikali ya Ontario. Walisema kwamba ahadi ya mkataba wa mwaka 1873 ilikuwa ahadi ya kuvua na kula, na kwamba samaki asiyelika si samaki waliyeahidiwa.